Doa Lililobaki Chini ya Hina

Katika kliniki ya wajawazito mguu haukosi kuguswa. Muuguzi huinama, hubonyeza kidole gumba juu kidogo ya kifundo, husubiri, kisha hutazama kama pamebaki kishimo. Anatafuta uvimbe, na nyuma ya uvimbe anatafuta kifafa cha mimba, ugonjwa unaoua kina mama na unaostahili bidii hiyo yote. Akimaliza huandika kwenye kadi, na mama hurudisha mguu kwenye kandambili. Kutoka pale kidole kilipobonyeza hadi kwenye unyayo hakuna hata shubiri moja. Lakini unyayo haugeuzwi, na kwenye kadi hauna nafasi yake.

Kisa ninachosimulia kilipita kwenye shubiri hiyo. Mwanamke nimempa jina la Mwanaidi na nimemweka Ngamiani, mjini Tanga. Yeye si mtu mmoja aliyepata kuishi. Nimemuunga kufuata njia ambayo ugonjwa huu huipita mara nyingi katika nchi zetu, kituo baada ya kituo, hadi apatikane mtu wa kuugeuza mguu. Ugonjwa wenyewe sikuubuni, wala namna unavyotambuliwa.

Mwanaidi alikuwa na umri wa miaka 29, mimba yake ya tatu, na kazi yake ilikuwa kupika vitumbua alfajiri na kuviuza barazani wakati wanafunzi wakipita. Doa aliliona kabla hajashika mimba, kwenye unyayo wa kushoto karibu na kisigino: dogo kama punje ya pilipili manga, jeusi, haliumi. Akadhani mwiba umevunjikia ndani. Akalichokonoa kwa sindano, mwiba asiuone, akaendelea na shughuli zake.

Ikaingia Rajabu, mwezi ambao harusi hufuatana kabla Ramadhani haijafunga milango. Wifi yake alikuwa anaolewa. Bi Zuhura, mpaka hina wa mtaa, aliwapanga wanawake mkekani, miguu mbele, akaanza na maua juu ya vidole na kumalizia na nyayo, ambazo hupakwa zikajaa. Ngozi ya unyayo ni nene, kwa hiyo hina hukolea huko kuliko mahali pengine na hukawia kutoka. Doa likazama humo. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyeliona, pamoja na mwenye mguu.

Hivyo historia ya ugonjwa huu, kama daktari angetaka kuiandika, ilikuwa kichwani mwa mtu asiye na faili. Bi Zuhura aliuona unyayo ule Rajabu, akauona tena Idi ndogo, akauona Idi kubwa, na mara ya mwisho Mfunguo Sita, mtaa ulipokuwa ukijiandaa kwa Maulidi. Idi ndogo Mwanaidi alikuwa na mimba changa, na doa lilikuwa limeongezeka kidogo tu. Idi kubwa lilikuwa limefika upana wa ukucha wa kidole gumba. Ukingo wake ulikuwa umeingia na kutoka bila mpango, upande mmoja mweusi, upande wa pili hudhurungi, na katikati pana sehemu ya kijivu.

"Hii si hina yangu, mwanangu," Bi Zuhura alisema, huku akilisugua kwa kitambaa chenye ndimu. "Yangu ingekwisha toka."

"Mimba hiyo, Bi Zuhura. Si unaona hata shingo imekuwa nyeusi?"

"Shingo naiona. Huku chini mimba imefuata nini?"

Wanawake mkekani wakacheka, na maneno yakaishia hapo. Ni bahati mbaya, kwa sababu katika kisa chote hiki hakuna aliyeuliza swali la kitabibu zaidi ya hilo.

Mimba kweli huitia ngozi rangi. Homoni zinazopanda, estrojeni ikiwa mojawapo, huziamsha seli zinazotengeneza weusi. Chuchu hukolea, mstari mweusi hushuka kutoka kitovuni, kwapa na shingo huongeza rangi, wengine hupata madoa mapana mashavuni na kwenye paji la uso. Mabadiliko haya yana tabia yake: huja pande zote mbili za mwili, hukolea polepole, hayainuki, hayatoki damu. Hata mabaka ya tangu utotoni yanaweza kutanuka yakiwa tumboni au matitini, maana ngozi ya huko inavutwa. Unyayo hauvutwi na mimba. Doa moja, mguu mmoja, linalokua kwa mwendo wake lenyewe bila kuwa na mwenzake upande wa pili, halipaswi kusamehewa eti kwa kuwa mwenye mguu ni mjamzito.

Kliniki pia Mwanaidi aliuliza, mara moja, kadi ikiwa mkononi tayari kuondoka. Nyuma yake foleni ilifika hadi chini ya mwembe.

"Dada, nina doa unyayoni, naona linakua."

"Mimba hiyo, mama. Ukijifungua litaondoka lenyewe."

Simlaumu sana muuguzi huyo. Asubuhi ile alikuwa na presha za kupima, wingi wa damu, mkojo, VVU, kaswende, malaria, chanjo za pepopunda, na mama mmoja ambaye presha yake ilikuwa imepanda kweli. Saratani ya ngozi kwa mwanamke mweusi mwenye mimba ni jambo ambalo huenda asilikute tena hadi anastaafu. Kutoijua hakukuwa kosa. Kosa ni kuujibia mguu ambao hakuutazama, na kulitoa jibu hilo kwa sauti ya mtu aliyetazama, kiasi kwamba Mwanaidi hakuuliza tena kliniki hadi mimba yake inafika mwezi wa saba.

Majibu mengine yakafuata, na kila moja lilikuwa na akili yake. Muuza duka la dawa alisema fangasi, akatoa tyubu ya kupaka. Mtu anayekanyaga maji kila alfajiri hupata fangasi, hilo nani atalipinga? Mwezi wa tano doa likainuka. Kikaota kinyama laini kilichotoka damu kila alipokanyaga vibaya, na zahanati wakasema kidonda. Wakampima sukari, maana kidonda cha mguu kisichopona humfanya mhudumu afikirie kisukari, na afikirie vyema. Sukari ilikuwa sawa. Wakaosha, wakafunga bendeji, wakampa vidonge vya kuua bakteria ambavyo mjamzito anaruhusiwa kunywa. Akawa anarudi kufungwa upya, leo kwa mhudumu huyu, kesho kwa yule. Aliyemfunga mara ya mwisho hakuwa amepata kuambiwa habari ya doa. Aliona kidonda, na weusi wa pembeni akadhani ni mabaki ya hina.

Hapo mama mkwe akampeleka kwa mzee mmoja upande wa Pongwe, anayesifika kwa kutoa sugu na chunjua. Mzee akachukua wembe (tumpe haki yake, ulikuwa mpya), akakata kilichoinuka, akabandika dawa ya majani. Damu ikakatika. Mguu ukaonekana umepona, na mama mkwe akapeleka kuku wa shukrani.

Nataka nikae kidogo kwenye wembe huo. Saratani iitwayo melanoma, inayoanzia kwenye seli zile zile zinazotengeneza rangi ya ngozi, hupimwa kwa kina. Mwaka 1970 daktari Mmarekani, Alexander Breslow, alionyesha kwamba kinachotabiri mwisho wa mgonjwa vizuri zaidi ni milimita ngapi uvimbe umeshuka kutoka juu ya ngozi kwenda chini. Ukiwa haujazidi milimita 1, kuukata pamoja na ukingo wa sentimita 1 wa ngozi nzima mara nyingi kunatosha. Ukivuka hapo, matezi huanza kutiliwa shaka, na ukivuka milimita 2, ukingo hupanuliwa kuwa sentimita 2. Wembe wa Pongwe uliondoa kilele cha uvimbe na kukitupa jalalani, na kipimo kikaenda nacho. Kilichobaki chini kiliendelea kushuka bila kuonekana.

Msomaji aliyekwisha kumcheka mzee huyo angoje. Hospitalini pia vipo vinyama vinavyokatwa kwenye chumba cha upasuaji mdogo na kuishia kwenye ndoo, kwa kuwa vilionekana kama chunjua na familia haikuwa na pesa ya maabara. Tofauti kati ya ndoo na jalala mimi siioni. Chochote kilichotolewa mwilini kwa sababu kilikuwa kinabadilika kinapaswa kwenda kutazamwa kwa darubini, na mgonjwa ana haki ya kuuliza, "Kinyama changu kimepelekwa wapi?"

Mwezi wa saba ukaja mtoki. Pwani hakuna asiyeujua: ukiwa na kidonda mguuni, tezi la kinena huvimba, kidonda kikipona nalo hunywea. Kwa hiyo mtoki haukumtisha mtu. Ulionekana kama ushahidi kwamba kidonda kilikuwa kidonda kweli. Lakini mtoki wa kawaida huuma, na huu haukuuma. Ulikuwa mgumu, ukiusukuma hausogei, na uliendelea kukua wakati unyayo umekauka. Matezi ya kinena ndiyo kituo cha kwanza cha chembe za melanoma zinazosafiri kutoka mguuni. Maarifa ya zamani ya pwani, ambayo kwa vidonda elfu yangekuwa sahihi, kwa hiki kimoja yalimlaza mgonjwa usingizi.

Mfunguo Sita Mwanaidi alinyoosha tena miguu mkekani. Bi Zuhura akafungua bendeji, akatazama, akaweka bakuli la hina chini. "Sipaki," akasema. Jioni akaenda kwa mume wa Mwanaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo ana kitu mguuni, na mimi nimekiona mara nne. Kila nikikiona kimeongezeka. Hina inatoka, kile hakitoki."

Mume alitaka wangoje ajifungue kwanza. Mama mkwe alikuwa na hoja tatu, na alizitoa kwa mapenzi, si kwa ubishi: kwamba hospitali hawamkati mwenye mimba, kwamba ganzi itamfikia mtoto, na kwamba wakiona saratani watalazimisha mimba itolewe. Hoja hizi nimezisikia kwa watu wengi, wasomi wakiwemo. Hakuna hata moja iliyo sahihi kama ilivyosemwa, lakini zinaheshimika kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa na mama mkwe huyo akamweleza. Aliyewashinda wote wawili alikuwa Mwanaidi mwenyewe, aliyesema kwamba mguu unaokwenda hospitali, Moshi, ni wake.

Wakapanda basi: Korogwe, Mombo, Same, na Moshi jua likiwa linashuka. Katika hospitali ya KCMC mjini humo kipo kituo ambacho tangu 1992 kinafundisha wahudumu wa afya kutoka nchi mbalimbali za Afrika kutambua magonjwa ya ngozi, na mwanafunzi yeyote anayepita hapo hufundishwa kwanza jambo ambalo halihitaji mashine. Daktari wa ngozi hakuanza na kinena wala tumbo. Alimwambia Mwanaidi avue viatu vyote viwili, akazigeuza nyayo zote mbili kwenye mwanga, nzima na mbovu, kisha akapitia kati ya vidole, kucha, viganja, na ndani ya midomo.

Baadaye akachukua demoskopu, lenzi ndogo yenye taa. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji, ile ile michoro inayoacha alama ya kidole kwenye karatasi. Baka lisilo na madhara kwa kawaida hulaza rangi yake ndani ya mifereji. Melanoma ya unyayoni huipandisha juu ya matuta. Madaktari wa Japani ndio waliolichunguza hili kwa kina, kwa sababu Wajapani, kama sisi, melanoma yao huipenda miguu kuliko mgongo. Pembeni mwa kovu, mahali ambapo wembe haukufika, rangi ilikuwa imepanda matuta.

"Mama, hiki sikiamini. Nataka nikate kinyama leo."

"Na mtoto?"

"Mtoto hatajua kitu."

Mwanaidi alilazwa kwa ubavu wa kushoto, mto ukiwa mgongoni, maana mimba ikishakua mjamzito hapaswi kulazwa chali kwa muda mrefu. Mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Akachomwa sindano ya lidokeni, dawa ya ganzi ambayo madaktari wa meno huwapa wajawazito kila siku. Kinyama kinaweza kukatwa katika mwezi wowote wa mimba. Kazi nzima ilikuwa fupi kuliko kupika sufuria moja ya wali. Kinyama kikaingia kwenye chupa ya fomalini, na kwenye fomu daktari hakuandika "kidonda cha mguu". Aliandika mahali hasa kilipotoka, muda ambao doa limekuwapo, wembe, mtoki, na umri wa mimba. Daktari wa patholojia anayepokea chupa isiyo na maelezo hulazimika kubahatisha, na katika ugonjwa huu kubahatisha kunaua.

Jina la ugonjwa ni refu na la kigeni, kwa hiyo tuseme tu melanoma ya nyayo, viganja na chini ya kucha. Iliainishwa kama aina inayojitegemea mwaka 1976. Mwaka uliofuata ikampata mtu ambaye Afrika Mashariki yote inamjua. Bob Marley aliumia kidole gumba cha mguu akicheza mpira, kidonda chini ya ukucha kikakataa kupona, na madaktari wakakuta kumbe jeraha limewaonyesha saratani. Walimshauri kidole kikatwe. Alikataa kwa imani yake ya Kirastafari, akakubali kuondolewa ukucha na nyama ya chini na kubandikwa ngozi. Septemba 1980 alianguka akikimbia mazoezi New York, ugonjwa ukiwa umefika kwenye ubongo, na tarehe 11 Mei 1981 akafa Miami, akiwa na umri wa miaka 36. Vijana wanaovaa fulana zenye picha yake mitaani kwetu wengi watakuambia alikufa kwa mpira au kwa uchawi wa wazungu. Ni wachache wanaojua kwamba ugonjwa uliomuua unaweza kukaa kwenye mguu wa mama yao.

Aina hii haina habari na jua. Nalisema kwa makusudi, kwa sababu tumefundishwa, na tumefundishwa vizuri, kuhusu saratani ya ngozi ya watu wenye ualbino. Hapo hapo KCMC hutengenezwa losheni ya kuwakinga na jua, na kila tarehe 13 Juni tunakumbushwa kofia na mikono mirefu. Kwao hilo ni suala la uhai. Lakini wengi wetu tulichukua upande wa pili wa somo ambao hakuna aliyetufundisha: kwamba mwenye ngozi nyeusi yuko salama. Weusi wa ngozi hukinga uso na mgongo dhidi ya miale ya jua. Unyayo hauoni jua, na weusi hauna cha kuukinga huko. Ni kweli kwamba melanoma kwa Waafrika ni adimu. Inapotokea, kwa kawaida hutokea mguuni, na hugunduliwa imechelewa kuliko kwa wazungu, kwa kuwa wao huitafuta.

Mimba ina namna nyingine za kuficha saratani adimu za ngozi, na mbili nitazitaja hapa ingawa hazimhusu Mwanaidi. Wajawazito huota vinyama vyekundu vinavyotoka damu haraka, kwenye ufizi au kwenye vidole, na vingi havina madhara. Huisha baada ya kujifungua. Ipo melanoma isiyo na rangi, nyekundu au ya waridi, inayofanana navyo kabisa. Ya pili ni uvimbe mgumu wa ngozi, unaoanza kama kovu lililoota na kukaa miaka mingi bila maumivu, begani, kifuani au tumboni. Sisi watu wa makovu ya keloidi tunauona na kuupita. Wakati mwingine uvimbe huo huwa ni saratani ya polepole inayojulikana kwa kifupi cha DFSP, na imeonekana kukua kwa kasi wakati wa mimba. Keloidi huanza mahali palipoumia. Kovu lisilo na historia ya jeraha, au lililolala miaka kisha mimba ikaliamsha, likatwe kinyama.

Majibu ya Mwanaidi yalirudi baada ya wiki kadhaa: melanoma, kina chake hakipimiki sawasawa kwa kuwa juu palikatwa, lakini kilichobaki peke yake kimepita milimita 4. Sindano nyembamba iliyochomwa kwenye mtoki ilitoa chembe zile zile.

Mama mkwe alikuwapo siku hiyo, akauliza swali lake mbele ya daktari: mimba itolewe? Swali hilo lina historia. Mwaka 1951 madaktari wawili wa Marekani, Pack na Scharnagel, waliandika kwamba melanoma kwa mjamzito huenda mbio, na kwa miaka mingi baadaye wanawake waliambiwa mimba ndiyo inayolisha ugonjwa. Orodha kubwa za wagonjwa zilizokuja kuchambuliwa baadaye, zikiwemo za Sweden mwaka 2004, hazikuonyesha kwamba mjamzito hufa mapema kuliko mwanamke mwingine mwenye uvimbe wa kina kile kile. Kuitoa mimba hakuirudishi melanoma nyuma. Daktari alimjibu mama mkwe kwa maneno machache kuliko haya: "Hapana, mama. Mimba haikuleta kitu hiki. Imekificha tu."

Kutoka hapo kila kipimo kilipimwa mara mbili, kwa mama na kwa mtoto. Tumbo na kinena vilitazamwa kwa ultrasaundi, isiyo na mionzi. Kifua kilipigwa eksirei, tumbo likiwa limefunikwa. Kama matezi yangekuwa hayajavimba, wangeweza kutafuta lile la kwanza kwa dawa yenye mionzi kidogo. Rangi ya buluu inayotumika kwa kazi hiyo huepukwa kwa wajawazito, kwani inaweza kuleta mzio mkali. Kwa Mwanaidi hakukuwa na haja ya kutafuta kilichokuwa kinashikika kwa mkono. Alifanyiwa upasuaji wa unyayo kwa ganzi ya mgongo, ile wanayopewa wanaojifungua kwa kisu, na ngozi ikachukuliwa pajani kuzibia. Upasuaji wa kinena ukangoja mtoto azaliwe.

Alizaliwa wiki ya 37, msichana, akilia vizuri. Kondo la nyuma halikuzikwa siku hiyo kama ilivyo desturi ya nyumbani kwao. Daktari aliomba liende maabara, kwa kuwa miongoni mwa saratani za mama melanoma ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi kuwa imeonekana kwenye kondo, na mara chache mno kwa mtoto mwenyewe. Bibi alikasirika, kisha akaelezwa, kisha akalibeba mwenyewe kwenye ndoo yenye mfuniko hadi dirishani. Halikuwa na kitu. Mtoto alipangiwa kutazamwa ngozi na tumbo kwa miaka yake miwili ya kwanza.

Dawa mpya zinazoiamsha kinga ya mwili ipambane na melanoma, ambazo zilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 2011, zimewapa wagonjwa wengi miaka ambayo zamani haikuwapo, ingawa aina ya nyayoni huzisikia kidogo kuliko nyingine. Kaya inayoishi kwa vitumbua haina uwezo wa kuzinunua. Mwanaidi alifanyiwa upasuaji wa kinena, mguu ukavimba na kubaki umevimba, akarudi barazani kuuza akiwa amekaa. Ugonjwa ukaonekana kwenye ini kabla mtoto hajatimiza mwaka. Alizikwa Tanga, na binti analelewa na wifi yule aliyeolewa Rajabu.

Bi Zuhura bado anapaka. Ameongeza jambo moja katika kazi yake: kabla ya kushika bakuli huziosha nyayo za mteja kwa sabuni, huzigeuza kwenye taa, na akikuta doa asilolijua huuliza limeanza lini. Likiwa limekua tangu alipoliona mwisho, hapaki unyayo huo hadi mteja arudi na cheti cha daktari wa ngozi. Kwa wajawazito ndiyo hasikii kabisa la mtu. Wateja kadhaa wamemkasirikia, maana nani anataka kwenda harusini na unyayo mmoja mweupe. Mmoja alibeba viatu vyake akahamia kwa mpaka hina wa Makorora, ambaye haulizi maswali.